Jina Lililoitwa Alasiri

Katika haya ninayoyaandika hakuna jina la mtu. Wengi wao wako hai na tunaonana. Na lipo jina moja ambalo nisingeliandika hata kama wote wangeniruhusu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Voi nililetwa na kazi ya ualimu, nikafundisha watoto wa darasa la pili, kisha nikabaki kwa sababu ya ndoa. Mume wangu ni fundi wa umeme, Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, aliyesilimu ujanani kabla hatujajuana. Mamake ni Mkristo, mwanamke wa kwaya na kamati za kanisa. Alishuka kutoka milimani baada ya kufiwa na mumewe, akajenga Mraru, kwenye barabara ya Taveta, ambako hulima mahindi na ndengu mvua ikikubali. Hajawahi kunikunjia uso kwa ajili ya dini. Siku nilipoolewa alinishika mikono yote miwili akasema, "Wewe ni mtoto yangu. Hiyo ingine ni ya Mungu." Ndivyo anavyosema Kiswahili, maana lugha yake ni Kidawida, na mimi nilikuja kukipenda Kiswahili chake kuliko changu.

Mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, alizaliwa Voi katika miezi ile ya joto ambayo hata usiku ukuta hauwi baridi. Babake alimwadhinia sikioni pale pale wodini. Nesi alipomgeuza kumfuta alituonyesha kijitundu kidogo mbele ya sikio lake la kushoto, kama alama ya sindano. "Ni ya ukoo hiyo," alisema. "Iko kwa nani?" Mume wangu alisema marehemu babake alikuwa nayo.

Mama yangu hakuweza kupanda kuja, kwa kuwa alikuwa akimuuguza baba. Kwa hivyo aliyekuja kunilea siku arubaini zangu ni mama mkwe, na mzigo wake wa unga, mboga za mlimani na blanketi jipya la mtoto.

Jina tulikuwa nalo tangu mimba. Baba yangu alituchagulia kwa simu, akiwa kitandani: jina la mja wa Mwenyezi Mungu, lenye ile herufi ya kooni ambayo huwatoa Wabara jasho. Tulikubaliana kulitangaza siku ya saba, siku ya akika, mbuzi wakishachinjwa na mtoto akishanyolewa. Mpaka siku hiyo tulimwita baba, au mgeni.

Kilio kilianza siku ya tatu.

Kilikuja alasiri, wakati ule upepo unapoanza kuvuta vumbi jekundu na mabati ya majirani yanaanza kugonga. Mtoto alikuwa amenyonya, amelala. Akafumbua macho akalia. Nilimpa titi akalikataa. Nilimbeba begani, nikamsugua tumbo kwa mafuta ya nazi, nikamsomea kila nilichokijua. Akalia hadi jua lilipokuwa linazama, kisha akanyamaza ghafla katikati ya sauti, kama redio iliyochomolewa. Kesho yake vivyo hivyo, saa ile ile.

Nilisema ni chango. Tulimpeleka hospitali, daktari akambonyeza tumbo, akamwangalia masikio na koo, akasema mtoto ni mzima, hiyo ni gesi, itakwisha yenyewe baada ya wiki kadhaa. Nilimwamini, na hata leo namwamini. Lakini sikumweleza habari ya macho.

Macho ya mtoto mchanga huelea. Hayakamati kitu. Mwanangu alipokuwa akilia, macho yake yalikuwa yamekamata. Aliugeuzia uso mlango wa sebuleni na kuukodolea, na nilipomhamishia bega la pili, kichwa chake chenye shingo isiyo na nguvu kilizunguka taratibu mpaka kikaupata mlango tena.

Mama mkwe aliyaona hayo kabla sijamwambia. Alasiri ya kwanza alitazama tu. Ya pili aliacha kuchambua mchele, akaja kusimama kati ya mtoto na mlango, akatazama mlangoni, akamtazama mtoto.

"Hii kilio si ya tumbo," alisema. "Kuna mtu anadai jina."

Nilijua anachosema. Hata Pwani tunao wazee wanaoamini hivyo: kwamba mtu wa ukoo aliyekufa hulilia jina lake kupitia kwa mtoto, na mtoto hatulii mpaka apewe. Nilimwambia kwa adabu kwamba jina lake lipo tayari, mama.

"Mimi nimeokoka," akajibu. "Sipendi hayo maneno. Lakini mtoto ni mtoto. Wacha niulize tu."

Mume wangu alikuwa amerudi kazini, bado na vumbi la nguzo kwenye shati. Nilimtazama anisaidie. Alitazama chini. Basi mama mkwe akaketi, akamlaza mtoto mapajani, akamwinamia sikio akaanza kuita. Jina la marehemu mumewe. Akangoja. Kilio kikaendelea. Jina la babake mumewe. Jina la babake yeye. Majina ya wajomba na ya wale waliokufa zamani mno, ambao mafuvu yao wazee waliyaweka katika mapango ya mawe huko juu, kabla makanisa hayajafika. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetafuta wenyeji wa nyumba asiyoijua vizuri. Mtoto alilia tu, na mimi nikaanza kupumua. Majina yalikuwa yanakwisha.

Kisha likatoka jina fupi, lenye mwisho uliokatika kama pumzi.

Mtoto akanyamaza.

Nimelea watoto watatu sasa na najua mtoto anavyobembelezeka: hulegea, hukoroma kidogo, hutafuta titi. Huyu hakulegea. Alitulia kama mtu aliyeitwa.

Aliyeogopa zaidi alikuwa mama mkwe. Alijifunika mdomo kwa kiganja. "Hiyo sikutaka kusema," alisema. "Imetoka yenyewe." Na mume wangu, ambaye hajawahi kumpandishia mamake sauti, alifoka, "Umelitoa wapi hilo? Si baba alikataza lisitajwe?"

Usumbufu ulipotulia ndipo wakanieleza. Babake mume wangu alikuwa na kaka mkubwa. Kabla ya huyo kaka, mama yao alikuwa amezika watoto mfululizo. Alipozaliwa huyu, walimpa jina baya makusudi ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Kwa Kiswahili maana yake ni kitu cha kutupwa, takataka ya kufagiliwa nje. Kifo kikampita kweli. Lakini akakua nalo. Walimcheka kisimani, walimcheka shuleni, na alipofikia umri wa kuoa, wasichana walicheka pia. Siku moja aliteremka kwenda nyika na jembe begani na hakurudi. Walimtafuta mpaka wakachoka. Hakuna maiti iliyozikwa, hakuna kaburi. Ndugu yake mdogo aliumia sana, akapiga marufuku jina lisitajwe nyumbani kwake, na mama mkwe mwenyewe alilisikia mara moja tu, kwa mkwewe, siku ya kuolewa.

"Wa zamani wako pangoni," mama mkwe alisema taratibu. "Wa juzi wako pale kanisani. Yeye hana mahali ya kukaa. Sasa anatafuta."

Nilimchukua mwanangu kutoka mapajani mwake. Nadhani hilo lilimwuma kuliko neno lolote.

Kesho yake mume wangu aliondoka mapema kwenda kazini. Ilipofika alasiri kilio kilianza, nami nilikuwa bafuni nimejimwagia maji ya moto yenye majani aliyonichemshia mama mkwe. Nilifanya haraka kumaliza. Ndipo nikasikia, nyuma ya ukuta, mtu akiita lile jina. Kwa upole, mara moja, halafu tena. Kilio kikakatika.

Nilikasirika. Nilijifunga leso, nikatoka na maneno yangu tayari mdomoni. Chumbani mtoto alikuwa peke yake kitandani, macho wazi, ameukodolea mlango nilipokuwa nimesimama, ila hanitazami mimi. Nilipita sebuleni, hakuna mtu. Nikafungua mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa mwisho wa ua, anaanika nepi, vibanio vitatu kaving'ata kwa meno. Hakuweza hata kusema. Alivitoa mdomoni akaniuliza, "Amenyamaza? Nani amemchukua?"

Nilimwuliza kama alikuwa ameingia ndani. Alinitazama usoni, akaelewa, akaziacha nepi kwenye beseni, akakimbia ndani mbele yangu. Jioni ile tulikaa sote wawili chumba kimoja, mtoto kati yetu, yeye na Biblia yake na mimi na msahafu wangu, na hatukuoneana haya.

Mume wangu aliporudi na kusikia, alikuwa na jawabu ambalo nadhani alikuwa amelifikiria kutwa. "Tumpe yote mawili. La baba yako liwe la cheti na la msikitini. Hili liwe la nyumbani tu. Atulie."

"Nimwite mwanangu takataka?"

"Si tunalijua sisi maana yake? Yeye hatalijua."

"Yule mwingine alilijua," nikamwambia.

Tukakubaliana kwenda kwa ustadh wa msikiti wa mtaani. Ni rika la mume wangu, ana duka la spea za pikipiki karibu na stendi, na hapo dukani ndipo alipotupokea, kwa kuwa msaidizi wake alikuwa hayupo. Mama mkwe alisema naye anakuja. Ustadh alimpa kiti kimoja kilichokuwepo, yeye akasimama.

Alitusikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Kisha akasema mtoto ana haki kwa wazazi wake, na jina zuri ni mojawapo, kwa sababu ataitwa kwalo duniani na ataitwa kwalo Siku ya Kiyama. Alitueleza yanayopendeza: yanayomfanya mtu kuwa mja wa Mungu, ya mitume, ya watu wema. Alitueleza yasiyofaa: kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mungu, kumpa mtu sifa zilizo za Mungu peke yake, majina ya kujitukuza, na majina ambayo mwenyewe akiyasikia moyo unasinyaa.

Mama mkwe akauliza, kwa ile sauti yake ya kwenye kamati, "Kwa hivyo ya Kidawida ni haramu?"

"Hapana, mama. Wewe jina lako maana yake ni nini?"

Akamwambia. Ni jina la mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi.

"Basi hilo ni zuri, na ungesilimu leo nisingekwambia ulibadilishe. Haiangaliwi lugha, inaangaliwa maana. Na kumwita mtoto jina la mzee wenu aliyetangulia, kwa kumkumbuka, si vibaya. Vibaya ni kuamini kwamba aliyekufa anamdai aliye hai."

Akatusimulia habari ya mtu mmoja wa zama za Mtume, ambaye jina lake lilikuwa na maana ya ugumu, kama ardhi isiyoingia jembe. Mtume akamshauri achukue jina lenye maana ya wepesi. Yule mtu akakataa, akasema hatabadilisha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake ndiye aliyekuja kusema baadaye kwamba ugumu ule uliwakaa katika ukoo, haukuwatoka.

Nilimwuliza habari ya sauti. Alikuwa ameshika plagi ya pikipiki, akaigeuza geuza vidoleni.

"Sijui, dada. Sikuwepo. Huenda ni uchovu, mzazi wa siku chache hapati usingizi. Huenda ni viumbe wengine, nao wapo, Qur'ani imewataja. Msomeeni mtoto kinga, asubuhi na jioni, na hospitali msiache. Lakini kitu kikimwita mwanao kwa jina baya, nyinyi msikiitikie kwa niaba yake."

Siku ya saba tulichinja mbuzi wawili, kinyozi akamnyoa mtoto, na jina lake likatangazwa mbele ya majirani. Mama mkwe alipakua pilau, akaosha masufuria, akacheka na kila mtu. Lakini jina hakulitamka. Siku zile zote zilizofuata alimwita mgeni. Nilidhani ni ile herufi ya kooni inamshinda, kisha nikagundua kwamba anaogopa. Aliogopa kuchagua upande.

Kilio hakikuisha. Kila alasiri nilikaa na mwanangu, nikamsomea, na niliponyamaza kuvuta pumzi nilijikuta nimetega sikio. Sikuisikia ile sauti tena. Lakini kutega sikio usikie kitu usichotaka kukisikia ni kazi inayomaliza mtu.

Arubaini ilipotimia tuliamua kumpeleka mtoto Mombasa, baba yangu amwone kabla hali yake haijawa mbaya zaidi. Mfanyakazi mwenzake mume wangu alituazima pikapu yake, na mama mkwe akaja nasi. Maungu tulisimama kununua tikiti maji. Malori yalikuwa yameegeshwa safu nzima kando ya barabara, na mwuzaji wetu alikuwa mzee wa kofia aliyepanga matikiti yake juu ya gunia. Alikuwa anagonga tikiti kwa kidole asikilize kama limeiva. Akainua macho, akamwona mtoto begani kwangu. Akaacha kugonga.

"Mtoto huyu wa nani?"

"Wetu," alisema mume wangu.

"Nauliza ukoo." Alikuwa amenisogelea mpaka nikarudi nyuma hatua. "Nisamehe, binti yangu. Hili sikio la kijitundu nalijua. Nimesali kando ya sikio hili miaka na miaka, safu moja, bega kwa bega. La rafiki yangu wa Miasenyi. Alikuwa Mtaita, lakini alituambia hana watu."

Mama mkwe aliketi pale pale juu ya gunia, kati ya matikiti.

Mzee alimwachia jirani biashara yake, akapanda nyuma ya pikapu atuonyeshe njia. Miasenyi ni karibu na Maungu, barabara kuu ile ile. Nyumba ilikuwa ya matofali, bati limepauka, na mjane aliyetoka mlangoni alikuwa mwembamba, mwenye macho makali. Mumewe alikuwa amefariki kabla mimi sijapata mimba. Aliposikia sisi ni nani, alimwomba mtoto, akampapasa sikio kwa kidole kimoja, kisha akatukaribisha ndani.

Alitusimulia kwamba mumewe alifika pale kijana, akafanya vibarua vya mkonge, kisha akasilimu. Siku ya kusilimu mwalimu alimwuliza jina lake. Akalitaja. Mwalimu akamwuliza maana yake. Akaitaja. Mwalimu akamwambia jina hili si lazima uingie nalo, liache hapo nje, jichagulie. Akajichagulia mwenyewe, zuri, na kuanzia siku hiyo hakulitamka la kwanza mbele ya mtu yeyote, hata mkewe.

"Nilikuwa nikimwambia turudi kwenu, ukawaone. Anasema, 'Kwetu wanamngoja mtu ambaye si mimi.'"

Mume wangu alijifuta macho. Mjane akamtazama, akaendelea, na sauti yake ikashuka.

"Alipougua alianza kusumbuka alasiri. Anageukia mlango ule. Ananiambia, 'Wananiita.' Nikimwuliza wanakuita vipi, hataki kusema. 'Wananiita kwa lile. Sitaitika.' Mpaka siku ya mwisho. Alikufa ametamka shahada, na hakuitika."

Nje lori lilipita, vikombe vikatetemeka kwenye sinia. Wiki zote zile tulikuwa tumemfikiria mzee huyu kama mdai anayezunguka mlangoni kwetu akitaka jina lake, kumbe yeye mwenyewe alikuwa amelikimbia mpaka kufa. Nilimchukua mwanangu nikamfunika kichwa kwa mtandio. Kama aliyeita nyumbani kwetu hakuwa yeye, sikutaka kufikiria alikuwa nani.

Mjane akamgeukia mama mkwe. "Nimeishi naye umri mzima bila kulijua. Sasa niambie wewe, shemeji. Lilikuwa jina gani?"

Nilimwona mama mkwe akifungua mdomo. Nilimwona akitazama mlango, kisha akimtazama mtoto.

"Nimesahau," alisema.

Mume wangu na yule mzee walikwenda makaburini kumwombea dua. Sisi wanawake tulisimama nje ya ua wa michongoma. Mama mkwe alikuwa amejitanda leso yangu kichwani, na midomo yake ilikuwa ikitembea, sijui kwa sala ipi. Kisha tukaagana, tukaahidiana kutembeleana, na tumetimiza. Mjane yule huja kwetu kila Idi.

Tuliporudi garini mama mkwe alimpakata mtoto. Tumeshaanza safari ndipo akasema, "Hebu sema jina ya mtoto pole pole."

Nikalitamka. Akalirudia, akaikosa ile herufi. Nikamwonyesha inapotoka kooni. Akajaribu tena, akakohoa, mume wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Aliendelea kujaribu, kituo baada ya kituo, akiangalia dirishani, mpaka likakaa.

Alasiri ilitukuta barabarani, na mtoto akaanza kulia. Sote tulikakamaa. Mama mkwe akamwinamia, akamwita kwa jina lake, wazi, kwa sauti iliyoishinda injini. Mtoto hakunyamaza. Aliendelea kulia, macho yakielea huku na huku, mdomo ukitafuta. Nikamtoa mapajani mwa mama mkwe, nikamweka titini, akanyonya mpaka akalala.